Matundu 14 kwenye mifupa iliyotoka korongoni: nani aliyatoboa?

Mifupa 21 ya mnyama mmoja mwenye kwato, ukubwa wa nyamera, imetokeza kwenye ukingo wa korongo linaloshusha maji Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, mashariki mwa Jiji la Mwanza. Masika yaliukata ukingo ukabomoka, na wachungaji wakauona mfupa wa paja ukichungulia kwenye udongo wa kijivu wenye vinundu vya chokaa. Wakauchokonoa ukingo kwa jembe. Vikaonekana taya moja, pingili 6 za mgongo, mbavu 7, bega, paja, muundi, mifupa 3 ya makongoro na kiini kimoja cha pembe. Vyote ni vizito kuliko mfupa wa kawaida, kwa sababu madini yaliyokuja na maji ya ardhini yameshajaza vitundu vyake vya ndani.

Paja lina matundu 9 ya duara upande wa goti. Pingili 3 zina matundu 5. Muundi umekosa kichwa cha juu, una mikwaruzo mipana kwenye ukingo wake wa mbele, na umevunjika katikati. Makongoro yana mistari myembamba. Maelezo yaliyokuja pamoja na mifupa ni kwamba watu wa kale walimchinja mnyama huyu, wakavunja muundi wapate uboho, kisha wakatoboa paja na pingili ili wazitundike.

Hiki ni kisa cha kufundishia. Alama zote zilizomo ni za aina ambayo mtu hukutana nayo kweli kwenye mifupa ya zamani, ila hapa zimewekwa kwa mnyama mmoja ili hoja ifuatwe tangu mwanzo hadi mwisho. Swali ni kama maelezo yale yanasimama. Hayasimami, isipokuwa labda kwa mstari mmoja mdogo tutakaoufikia mbele. Na kuyakanusha si hasara. Matundu yale yakisomwa sawasawa yanaeleza jambo kubwa kuliko mkufu wa mifupa: mzoga ulilala wapi, katika hali gani, na kwa muda gani kabla haujafukiwa.

Kwanza, namna mifupa ilivyotolewa

Jembe limeshafanya uharibifu, na uharibifu huo unaonekana kwenye alama. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu masalia ya kisukuku ya wanyama wenye uti wa mgongo kuwa mali ya kulindwa. Aliyeyaona hutoa taarifa kwa kiongozi wa serikali wa eneo lake, na kuchimba kunahitaji kibali. Watu wengi huiona sheria hii kama ya kukataza tu. Kwa mchunguzi wa alama ina faida ya moja kwa moja: mfupa ulioachwa mahali pake bado una juu na chini.

Juu na chini ya mfupa ni nusu ya ushahidi. Jua hupasua upande wa juu, mchwa huanzia upande wa chini, na mizizi hufuata upande wenye unyevu. Kwa hiyo kabla ya kuung'oa, kila mfupa hupigwa picha ukiwa ardhini pamoja na kipimo cha sentimita. Huchorwa mshale wa kaskazini kwenye daftari na alama ndogo ya penseli kwenye upande ulioangalia juu. Katika kisa hiki mifupa 8 tu ndiyo iliyobaki ukingoni ikiwa haijang'olewa: mbavu 4, pingili 3 na paja lenyewe, ambalo lilikuwa limefunuliwa nusu. Ile 13 mingine haina tena upande wa juu unaojulikana, na hoja yoyote inayohitaji upande huo haiwezi kujengwa juu yake.

Usafi nao una hatari zake. Brashi laini kavu na kijiti cha mianzi vinatosha kwa kazi ya kwanza. Sindano ya chuma inachora mistari mipya, na mbaya zaidi inachokoa udongo uliojaza tundu, ambao ndio ushahidi wa umri wa tundu lenyewe. Siki haifai kabisa, ingawa huondoa chokaa haraka: chokaa na madini ya mfupa vyote huyeyuka kwenye asidi, na mikwaruzo midogo hutangulia kupotea. Dawa ya kuimarisha mfupa dhaifu, kwa kawaida Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni kwa asilimia 5 hivi, hupakwa baada ya alama kupigwa picha. Ikitangulia, inajaza mistari myembamba na kuacha mng'ao unaodanganya macho.

Matundu yenyewe

Mtu anayetoboa kwa ncha ya jiwe huacha tundu pana mdomoni na jembamba chini, kwa kuwa ncha yake imechongoka. Ukutani hubaki mistari inayozunguka. Akitoboa kutoka pande mbili, tundu huwa na kiuno katikati. Matundu haya 14 hayana hata moja kati ya sifa hizo. Yamepimwa kwa kalipa: kipenyo ni kati ya milimita 2.9 na 4.2, na hakibadiliki sana kutoka mdomoni hadi chini. Kina ni kati ya milimita 4 na 9. Chini ni mviringo laini. Matatu kati yake yanapinda yakishaingia ndani, jambo ambalo keekee haliwezi kufanya.

Mahali yalipo panasema zaidi. Yote yako kwenye mfupa wa vitundu, yaani sehemu ya ndani iliyo laini kwenye ncha za mifupa mirefu na kwenye mwili wa pingili. Hakuna hata moja kwenye gamba gumu la katikati ya paja. Matundu 6 ya paja yameanzia kwenye mstari ambapo gegedu na mishipa ya goti hushika, pale nyama kavu inapokawia kuisha.

Jino la mla nyama pia hutoboa mfupa wa vitundu, kwa hiyo lazima litazamwe kabla ya kuendelea. Jino husukuma mfupa ndani, na ukiangalia chini ya tundu utakuta vipande vya gamba la juu vimedidimia, na mdomo umepasuka kuzunguka. Matundu ya kisa hiki yana midomo safi na hakuna kipande kilichodidimia. Mfupa umeondolewa, haukubonyezwa. Chini ya lenzi inayokuza mara 10, tochi ikiwa imelazwa ubavuni ili kivuli kionyeshe mabonde, ukuta wa matundu 11 una mikwaruzo mifupi sana, kila mmoja chini ya milimita moja, iliyokaa miwili miwili. Hiyo ni kazi ya taya mbili za mdudu.

Mdudu wa ghala la samaki

Mfanyabiashara wa samaki mkavu pale soko la Kirumba, Mwanza, anamjua huyu mdudu hata kama hajui jina lake la kitaalamu, Dermestes maculatus. Ni mbawakawa mwenye urefu wa karibu milimita 6 hadi 10, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, ambaye ncha ya kila bawa lake gumu ina kijimwiba. Buu lake ni la kahawia, lina manyoya marefu na mstari uliopauka mgongoni, na mkiani lina vipembe viwili. Ndilo linalotafuna sangara mkavu na dagaa ndani ya magunia mpaka ibaki ngozi na unga. Nyikani hula kitu kilekile: ngozi kavu, mishipa na nyama iliyokauka juu ya mzoga.

Kwa nini aingie mfupani wakati mfupa si chakula chake? Buu likishashiba na kukomaa, huacha chakula na kutafuta mahali pagumu pa kujifukia ili ligeuke pupa. Pupa haiwezi kukimbia wala kujitetea, na mabuu wenzake humla. Ghalani hutoboa mbao za rafu, makasha ya povu jeupe la plastiki, hata magome. Penye mzoga ambao pembeni yake hakuna gogo wala udongo laini, kitu kigumu kilicho karibu ni mfupa wenyewe, na sehemu ya mfupa inayotoboka kwa urahisi ni ile ya vitundu. Ndiyo maana matundu yamejaa kwenye goti na pingili, na katikati ya paja hakuna kitu.

Majumba ya makumbusho huwafuga wadudu hawahawa ili wasafishe mafuvu na mifupa ya wanyama kwa ajili ya hifadhi. Kazi yao ni nzuri kuliko kuchemsha, lakini mhifadhi hutoa mfupa kabla nyama haijaisha kabisa. Akichelewa, hukuta vifupa vyembamba vimetafunwa na ncha za mifupa zimetobolewa.

Muda ndio jambo la thamani hapa. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 mdudu huyu huchukua kama wiki 5 hadi 7 kutoka yai hadi mbawakawa kamili. Kabla ya hapo mzoga lazima ukauke, kwa sababu nyama mbichi yenye majimaji ni himaya ya nzi na funza wao, ambao hawatoboi mfupa. Ukijumlisha, mzoga ulikaa wazi na mkavu kwa mwezi mmoja na nusu mpaka miwili kwa uchache. Haukuzama ziwani mara baada ya kufa, maana mbawakawa huyu hafanyi kazi chini ya maji. Haukufukiwa na mafuriko ya siku ile. Mchimbaji akisoma udongo wa kijivu peke yake angesema mnyama alifia kwenye matope ya kando ya maji. Matundu yanasema alikauka kwanza, matope yakaja baadaye.

Mtu akiwa na wasiwasi na mlinganisho huu, njia nzuri ni kutengeneza mifupa ya kulinganishia. Inahitajika ndoo ya lita 20 yenye kuta laini, mfuniko wa wavu wa chuma (wavu wa plastiki wanautafuna, na wakikomaa wanaruka), vichwa vikavu vya sangara vya gramu 200 hivi, mabuu 50 hadi 100 na mifupa 4 ya miguu ya mbuzi iliyokwisha kuondolewa nyama kwa kisu na kukaushwa. Mbao na povu la plastiki visiwemo, ili wasipate pengine pa kwenda. Ndoo hukaa gizani, pakavu, na hufunguliwa mara moja kwa wiki. Wakati samaki anapokwisha ndipo mifupa huanza kuandamwa. Kazi hii isifanyiwe karibu na stoo ya chakula wala chumba chenye ngozi au vielelezo vya makumbusho. Avae barakoa anayefungua, kwa sababu manyoya ya mabuu huwasha mapafu na ngozi. Mwisho wa kazi, kila kitu kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2.

Nani alitangulia

Mfupa mmoja wenye alama za viumbe wanne hauna maana mpaka ijulikane zilivyofuatana, na zinajulikana pale tu zinapokatana. Paja la kisa hiki lina bahati hiyo.

Upande wa nje wa goti kuna mifereji mifupi, mipana, yenye sakafu iliyokwanguliwa, na pembeni yake vishimo vya meno. Ni kazi ya mla nyama mkubwa, yaelekea fisi, ambaye hupenda ncha za mifupa kwa sababu ya mafuta yaliyo kwenye vitundu vyake. Tundu namba 4 limechimbwa ndani ya sakafu ya mfereji mmoja. Fisi alitangulia, mdudu akafuata. Kichwa cha juu cha muundi kimeliwa kwa mtindo huohuo, kikabaki bomba lenye ukingo wa mawimbi, na hapo ndipo hadithi ya kuvunja mfupa kwa ajili ya uboho ilipoanzia.

Upande wa pili wa tundu namba 7, mdomo umekatwa na mfereji mpana wenye sakafu bapa. Mifereji ya namna hiyo imepangana sambamba kwenye ukingo wa mbele wa muundi. Huyu ni nungunungu. Meno yake ya mbele hukua maisha yote, na hutafuna mifupa ili kuyapunguza na kupata madini. Panya pia hutafuna, lakini mifereji yake ni myembamba zaidi. Nungunungu hapendi mfupa wenye mafuta. Husubiri ukauke. Katika muundi wa kisa hiki mifereji yake inapita juu ya nyufa za jua bila kingo zake kupasuka tena, maana yake nyufa zilikuwapo alipokuja. Mifupa iliyobebwa na nungunungu hadi pangoni mara nyingi huwa imetafunwa zaidi ya nusu. Hapa ni 2 kati ya 21, kwa hiyo aliitafuna palepale ilipolala.

Nyufa zenyewe zina kipimo chake. Anna Behrensmeyer alichapisha mwaka 1978 madaraja 6, kuanzia 0 hadi 5, ya kuchakaa kwa mifupa juani, kutokana na mizoga ya Amboseli, Kenya. Daraja la 1 ni nyufa za kufuata urefu wa mfupa, la 2 ni gamba la juu kuanza kubanduka, la 5 ni mfupa kuanguka vipande. Upande wa juu wa paja hili ni daraja la 2, upande wa chini ni la 1. Amboseli daraja la 2 lilionekana kwenye mizoga ya miaka 2 hadi 6. Miaka hiyo haihamishwi kirahisi kwenda kwenye kichaka chenye kivuli, lakini inatosha kuonyesha kwamba ule mwezi na nusu wa mbawakawa ni kiwango cha chini tu. Saa ya mdudu inapima miezi ya mwanzo, saa ya jua inapima miaka iliyofuata, na zote mbili ziko kwenye mfupa mmoja.

Mchwa kwenye mbavu

Mbavu 4 zilizobaki ukingoni zina alama upande wa chini tu. Gamba la juu limeparuliwa kwa mabaka, na ndani ya mabaka kuna vishimo ambavyo mikwaruzo yake inatawanyika kutoka katikati, umbo la nyota. Kwenye nyufa kumegandia udongo mwembamba mwekundu ambao si wa ukingo ule wa kijivu. Mchwa huleta udongo wake kutoka chini na kujenga vijia juu ya kile anachokula. Wengi hushangaa kusikia mchwa anagusa mfupa, ilhali Douglas Derry aliandika juu ya mafuvu yaliyoharibiwa na mchwa tangu mwaka 1911, na majaribio ya Afrika Kusini yaliyochapishwa mwaka 2012 na Lucinda Backwell na wenzake yaliwapa mchwa mifupa mibichi na mikavu, yakaonyesha mabaka, mikwaruzo na nyota hizo.

Mchwa ana ugumu mmoja ambao mbawakawa hana: anaweza kuufikia mfupa uliokwisha kufukiwa, karne nyingi baadaye, na wa mwaka jana anaacha udongo unaofanana na wa kale. Kinachoamua ni chokaa. Kwenye mbavu 3 ganda la chokaa limefunika udongo mwekundu na vishimo, kwa hiyo mchwa ni wa kale. Kwenye ubavu wa nne udongo uko juu ya ganda la chokaa. Huyo ni wa juzi, na ubavu huo hauhesabiwi. Kipimo hichohicho ndicho kilichotumika kwa matundu ya paja na pingili: 12 yamejaa udongo wa kijivu uliogandishwa na chokaa, na 2 yako tupu. Hayo mawili yana umbo lilelile na mikwaruzo ileile, na pengine yalichokolewa jembe lilipopita, lakini kwenye kadi yameandikwa kando.

Mizizi ilikuja mwisho. Imeacha vijia vinavyopindapinda na kugawanyika, vyenye sakafu ya mviringo, kwa sababu asidi yake huyeyusha mfupa. Vijia hivyo vinapita juu ya kila kitu, pamoja na ganda la chokaa. Kiini cha pembe kimebaki bila gamba lake. Serengeti nondo aitwaye Ceratophaga vastella hutaga kwenye pembe za mizoga, na viwavi wake hula gamba hilo na kuacha vijibomba vinavyochomoza nje. Lakini yeye hula gamba la pembe, si mfupa, na kwenye kisukuku hiki hakuna alama ya kumshitaki.

Kuna pia bakteria na kuvu, ambao huharibu mifupa mingi kuliko wote waliotajwa, ila kwa kiwango kisichoonekana bila hadubini. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa ni madini na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini iitwayo kolajeni, na madini ndiyo huifunika kolajeni isiliwe. Bakteria huyeyusha madini kidogo kidogo wakianzia kwenye mifereji ya damu, wakaacha vijia vya upana wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache. Carl Wedl alieleza vijia vidogo vya namna hiyo, alivyovihusisha na kuvu, tangu 1864. Kuviona huhitaji kukata kipande chembamba cha mfupa, na katika kisa hiki swali halihitaji kukata.

Mistari ya makongoro

Kongoro la kwanza lina mistari 2 mirefu, ndani ni myeupe wakati uso wa mfupa ni wa kahawia iliyokoza. Rangi hiyo inatosha kuamua: ni jembe. La pili lina mikwaruzo mingi myembamba, haina kina, imeelekea kila upande. Ni mfupa uliokanyagwa juu ya mchanga, na mchanga wa mawe ya matale ya Mwanza, wenye punje kali, hukwaruza vizuri mno.

La tatu lina mstari mmoja wa milimita 11 karibu na kifundo, wenye mkato wa umbo la V na vimistari vyembamba ndani yake, rangi sawa na uso, na chokaa ndani. Kisu cha jiwe huacha alama hiyo. Punje moja ya mchanga iliyobanwa na kwato inaweza kuacha inayofanana nayo. Mabishano ya aina hii si madogo. Mwaka 2010 mifupa miwili ya Dikika, Ethiopia, yenye zaidi ya miaka milioni 3.3, ilitangazwa kuwa na alama za kukatwa kwa jiwe. Mwaka huohuo wengine wakasema ni kukanyagwa, na mwaka 2017 Yonatan Sahle na wenzake wakaonyesha jinsi meno ya mamba yanavyoweza kufanana na kazi ya mchinjaji.

Kwa ukanda wa ziwa, mamba lazima awe kwenye orodha kila mara. Jackson Njau, Mtanzania, pamoja na Robert Blumenschine walieleza mwaka 2006 kishimo cha jino la mamba kilichogawanywa na mstari katikati, kutokana na ukingo mkali wa jino lake, na mwaka 2012 wakaonyesha alama za mamba kwenye mguu wa zamadamu wenye namba ya kisukuku OH 8 na muundi wenye namba OH 35, wote wa Olduvai. Kwenye mifupa 21 ya kisa hiki hakuna kishimo kilichogawanyika hata kimoja.

Kuhusu kuvunjika kwa muundi katikati: mfupa mbichi ukivunjwa hupasuka kwa mzunguko, kingo laini na kali. Huu umevunjika kwa kukatiza, kingo zina ngazi na ni chakavu, na chokaa imezifunika. Ulivunjika mkavu, kabla ya chokaa, yaelekea kwa uzito wa udongo.

Kwa nini ulibaki

Sehemu kubwa ya ardhi ya Mwanza imetokana na mawe ya matale, na mchanga wake una asidi, nao mfupa haudumu kwenye asidi. Mbavu zilizoparuliwa na ncha zilizotobolewa ndizo hutangulia kuyeyuka, kwa sababu mdudu ameshaongeza eneo la kuingilia maji. Kisa hiki kiliokolewa na udongo wa bondeni wenye chokaa. Ng'ambo ya ziwa, kisiwa cha Rusinga nchini Kenya, ambako Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la nyani mkubwa wa kale aliyeitwa Proconsul, mifupa ilihifadhiwa na majivu ya volkano ya Kisingiri yenye chokaa nyingi. Anayetafuta visukuku upande wa Mwanza afuate mabonde yenye vinundu vyeupe. Kwenye mchanga mwekundu wa vilimani atachoka bure.

Kadi ya mifupa hii inasomeka hivi, kwa mfuatano: mla nyama mkubwa kwenye paja na muundi; mbawakawa wa ngozi, matundu 14, 12 yakiwa na hakika ya ukale; jua, daraja la 2; nungunungu kwenye paja na muundi; mchwa kwenye mbavu 3, ambaye hana mkatano wa kumweka kabla au baada ya nungunungu; kufukiwa; kuvunjika kwa muundi; chokaa; mizizi; jembe. Mstari wa kongoro la tatu umeandikwa "haujaamuliwa". Unapigwa chapa kwa silikoni ya daktari wa meno, chapa inatengenezwa nakala ya epoksi, na nakala ndiyo inayopelekwa kwenye hadubini ya elektroni, mfupa wenyewe ukibaki sandukuni. Hata ikionekana kuwa ni kisu, mstari mmoja utamweka mtu karibu na mzoga huu kwa dakika chache tu, bila kugusa matundu ya goti.